Kaske ya mbio za gari: kununua ya bei ndogo bila kuuza kichwa

Mwaka 1956, katika jimbo la California, Marekani, mwanaume mmoja aliyeitwa William Snell, ambaye marafiki walizoea kumwita Pete, alikufa katika mbio za gari. Hakuwa dereva wa kulipwa mshahara. Alikuwa mtu wa kukimbiza gari siku za mapumziko, kwa kupenda mchezo tu. Gari yake ilipinduka. Kaske alikuwa nayo kichwani, lakini haikumchunga: aliumia kichwa vibaya na hakupona. Marafiki zake walijua kwamba ajali ya namna ile mtu anaweza kutoka mzima, kama kaske inafanya kazi yake. Mwaka uliofuata, 1957, wakiongozwa na munganga George Snively, walianzisha shirika lisilotafuta faida na kulipa jina la rafiki yao. Kazi ya shirika ilikuwa moja: kuchukua kaske zinazouzwa dukani, kuzigongesha kwa makusudi, na kuambia watu ni ipi inachunga kichwa na ipi ni mapambo.

Mpaka leo, neno Snell ndilo watu wa mbio wanatafuta kwanza ndani ya kaske. Na ni vizuri kukumbuka kwamba lilitoka kwa mtu wa mbio ndogo, si kwa bingwa wa Formula 1. Kwa sababu mara nyingi mtu wa mbio ndogo ndiye anajiambia: mimi siendi mbio sana, mimi ni wa kujifurahisha, kaske yoyote itatosha.

Hapa mashariki mwa Kongo, wapenzi wa rali si wachache. Safari Rally ya Kenya ilirudi katika michuano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, na watu wanaifuata kwenye simu na televisheni. Jirani kabisa kuna Rwanda Mountain Gorilla Rally, na upande wa Uganda kuna Pearl of Africa Rally. Kijana wa garaji mwenye anaona zile Subaru na Mitsubishi zikiruka vumbi anaanza kuota. Gari ya zamani anaweza kuitengeneza mwenyewe, mikono iko. Kaske hawezi kuitengeneza mwenyewe. Hapo ndipo makuta yanaingia, na hapo ndipo swali la kwanza linakuja: je, ile kaske ya moto nyumbani haiwezi kutumika?

Jibu fupi: kwa mchezo fulani, ndiyo. Kwa mbio za kweli, hapana. Sababu zinaeleweka vizuri kama mtu anajua kwanza kaske inafanya kazi gani.

Namna kaske inachunga kichwa

Watu wengi wanafikiri nguvu ya kaske iko katika lile ganda la nje lenye kungʼaa. Ganda lina kazi yake: linazuia kitu chenye ncha kisiingie, na linasambaza pigo mahali pakubwa. Lakini kazi kubwa inafanywa na ile povu nyeupe ngumu iliyo ndani, ambayo inaitwa polistirene. Ni jamaa moja na ile povu wanafungiaka nayo televizyo mpya katika boksi. Kichwa kikigonga, povu inabonyea na kupasuka, na wakati inabonyea, inapunguza mwendo wa kichwa kidogo kidogo badala ya kukisimamisha kwa ghafla. Ubongo unaelea ndani ya fuvu. Kusimama ghafla ndiko kunaurusha dhidi ya mfupa na kuupasua mishipa.

Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili. La kwanza, kaske isiyo na hiyo povu, yenye ganda la plastiki na ponji laini peke yake, si kaske. Ponji laini ni ya kufanya kichwa kijisikie vizuri, haizuii kitu. Mtu anaweza kuipima sokoni kwa kidole: avute kitambaa cha ndani kidogo, atazame nyuma yake. Akiona povu ngumu yenye unene wa sentimetre mbili hivi ao zaidi, aendelee kuuliza bei. Akikuta plastiki tupu, airudishe mezani, hata kama muuzaji anaapa.

La pili, povu ikishabonyea mara moja hairudi. Kaske inajitoa sadaka mara moja tu. Kwa nje inaweza kuonekana mpya kabisa, rangi haijachubuka, lakini ndani povu imekwisha kulala. Ni kwa sababu hiyo watu wa mbio hawanunui kaske ya mitumba, hata rafiki akiwapunguzia nusu ya bei. Unaweza kununua injini iliyotumika ukaifungua na kuitazama pistoni. Povu ya kaske haifunguliwi.

Hata ile kaske ya moto, kama ni ya kweli, inaokoa watu. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa mwendesha moto karibu 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa karibu 69 kwa mia. Wamotari wetu wanaobeba kaske ya mteja kwenye mkono wangefaa kusoma namba hizo mara mbili. Lakini moto ni jambo moja, na gari ni jingine.

Ndani ya gari hatari ni tofauti

Mtu wa moto akianguka, anarushwa, anagonga lami ao jiwe mara moja, pengine mbili, kisha anateleza. Mtu wa gari ya mbio hatoki. Amefungwa na mikaba kwenye kiti, na kumzunguka kuna kizimba cha mabomba ya chuma ambacho kinazuia paa lisimlalie. Gari ikipinduka mara nne, kichwa chake kinaweza kugonga bomba lile lile mara nne, mahali pale pale pa kaske. Kwa hiyo Snell, inapopima kaske za gari, inaongeza pigo kwenye chuma chenye umbo la bomba la kizimba, tena kwa kurudia mahali pamoja. Kaske ya moto haipitii mtihani huo.

Kisha kuna moto wa kuunguza. Tarehe 29 Novemba 2020, huko Bahrain, gari ya Romain Grosjean ilipasua kizuizi cha chuma kando ya barabara, ikakatika vipande viwili na kuwaka. Dunia nzima iliona mtu akikaa ndani ya ndimi za moto kwa karibu nusu dakika, kisha akatoka kwa miguu yake, na mikono iliyoungua. Kila kitu alichovaa kilitengenezwa kwa kukataa moto, kaske ikiwemo. Kaske ya moto-taxi, hata ile nzuri ya Ulaya, haidaiwi kukataa moto. Ganda lake mara nyingi ni plastiki inayolainika kwa joto, na kitambaa cha ndani ni cha nyuzi za kawaida zinazoyeyuka na kushika ngozi. Katika kaske ya gari, kitambaa, mukaba wa kidevu, ganda na viziere, vyote vinapimwa kwa moto, na lazima vizimike vyenyewe upesi moto ukiondolewa.

Tofauti ya tatu ni ya macho. Tundu la macho la kaske ya gari linaruhusiwa kuwa dogo kuliko la moto, juu dereva wa mbio hana haja ya kuchungulia pikipiki inayotoka kichochoroni. Kwa mwenye anafikiri kununua moja ya kutumia kotekote, gari na moto, hilo ni jambo la kupimia: kaske ya mbio za gari si nzuri sana mjini.

Kwa hiyo Snell ina vitabu tofauti vya sheria, na kila kimoja kina herufi yake. SA ni ya gari. M ni ya moto. K ni ya karti, zile gari ndogo za chini zisizo na paa wala kizimba. Baada ya herufi kuna mwaka: SA2015, SA2020, na sasa SA2025. Toleo jipya linatoka kila baada ya miaka mitano hivi. Mwaka huo si mwaka kaske ilitengenezwa, ni mwaka wa sheria iliyotumiwa kuipima, na wauzaji wengine wanafurahi mteja akichanganya hayo mawili.

Kaske ya moto inakubaliwa wapi, sasa? Kuko mchezo ambao magari yanakimbia moja moja, kwa saa, yakizunguka kone za plastiki katika uwanja mpana kama parkingi. Wamarekani wanauita otokrosi ao solo. Hakuna wa kukugonga, mwendo si mkubwa sana, ukuta uko mbali. Chama kikubwa cha mbio za watu wa kawaida huko Marekani, SCCA, kilichoanzishwa mwaka 1944, kinakubali katika mchezo huo kaske ya Snell M, na hata kaske ya moto yenye alama ya Ulaya. Lakini katika chama hicho hicho, mtu akitaka kukimbia na wenzake uwanjani, gari kwa gari, SA ndiyo inaombwa. Kwa mtu anayeanza na makuta kidogo, hapo kuna njia ya busara: aanze na kone, na kaske nzuri ya moto, kisha akiona mchezo umemshika, anunue ya gari.

Kusoma etiketi

Soko letu limejaa vibandiko. Kaske moja inaweza kuwa na alama tano nje, zote za rangi nzuri, na zote za bure. Zile alama tatu nne zenye maana zinafaa kujulikana.

Alama ya DOT ni ya Marekani, ya moto. Udhaifu wake ni kwamba mtengenezaji ndiye anajipa mwenyewe: anasema kaske yangu inafuata sheria, anabandika. Serikali inaweza kununua baadaye na kupima, lakini hakuna mtu wa nje anayepima kabla haijafika sokoni. Herufi tatu hizo pia ni rahisi sana kuchapisha katika duka lolote la fotokopi.

Alama ya Ulaya, ECE, ni E kubwa ndani ya duara, na namba pembeni yake. Namba ile inaonyesha nchi iliyotoa ruhusa: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 6 Ubelgiji. Mara nyingi inashonwa kwenye mukaba wa kidevu, si kubandikwa nje. Chini yake kuna mstari wa tarakimu. Zikianza na 05, ni sheria ya zamani kidogo, zikianza na 06, ni mpya, ambayo inapima hata pigo la upande lenye kuzungusha kichwa. Hapa maabara ya nje inapima kabla ya kuuza. Kwa moto, na kwa otokrosi, hiyo ndiyo alama ya kutafuta huku kwetu, maana kaske nyingi za Ulaya zinafika.

Kwa gari, kuko Snell SA, na kuko alama za FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari. FIA ina namba zake: 8859 ni ya ngazi ya kawaida, ya watu wengi, 8860 ni ya juu, ya Formula 1 na wakubwa wengine. Kaske nyingi za bei ya kati zinabeba alama mbili pamoja, Snell SA na FIA 8859, na hiyo ni nzuri kwa mtu wa Afrika, kwa sababu rali za kimataifa, Safari Rally ikiwemo, ziko chini ya FIA. Mtu mwenye ana SA peke yake anafaa kuuliza waandalizi kabla ya kulipa tiketi ya basi.

Kibandiko cha Snell SA hakiko nje. Kiko ndani, chini ya kitambaa, na kina namba yake ya pekee. Muuzaji akionyesha neno Snell kwenye kisogo cha kaske na hakuna kitu ndani, mazungumzo yamekwisha. Zaidi ya hapo, Snell na FIA wote wawili wanachapa orodha za kaske walizozipitisha, kwa jina la mtengenezaji na la modeli, na kuzisoma ni bure kwenye intaneti. Ni megabaiti chache tu. Kaske ya bandia inaweza kuiga kibandiko, lakini mara nyingi modeli yake haiko katika orodha.

Bei inaenda wapi

Kaske ya gari yenye SA, iliyofunga uso, ya ganda la faiba, inapatikana Marekani kwa karibu dola 250 mpaka 350. Zile za kaboni zenye FIA 8860 zinaenda mpaka elfu kadhaa. Mtu akiona pengo hilo anafikiri ya bei ndogo ni hatari. Si hivyo. Zote mbili zenye SA zimepita mtihani ule ule, kwenye chuma kile kile. Makuta yanayoongezeka yanalipa mambo mengine: uzito (gramu 200 ao 300 pungufu zinajulikana shingoni kwenye saa ya tatu ya mbio), hewa ya kupoza, viziere isiyoshika ukungu, kitambaa cha ndani kinachotoka na kufuliwa, rangi, na jina. Kwenda kutoka SA mpaka 8860, hapo ulinzi wenyewe unaongezeka. Lakini kwa mtu wa mbio ndogo, dola 300 zilizotumika vizuri zinatosha, na zile zinazobaki zina kazi nyingine katika gari.

Mfano wa kuchekesha kidogo, lakini wa kweli, unatoka California. Mwaka 2006 kulianza mbio zinazoitwa 24 Hours of Lemons. Sheria yao: gari isizidi dola 500. Watu wanaleta mikweche ya ajabu, iliyofungwa na waya na kupakwa rangi za sikukuu. Lakini zile dola 500 hazihesabu vitu vya usalama. Kizimba cha chuma, kiti, mikaba, breki, kaske, vyote viko nje ya hesabu, na kaske lazima iwe ya SA. Ni kusema dereva anaweza kuvaa kaske inayokaribia bei ya gari lenyewe, na waandalizi wanaona hilo ni sawa kabisa. Hapa kwetu mara nyingi hesabu inafanywa kinyume: turbo kwanza, magurudumu ya kungʼaa ya pili, na kaske tutaazima.

Mahali ambapo bei inaweza kushuka bila hatari: rangi moja, hasa nyeupe ao nyeusi, badala ya michoro, toleo la mwaka jana la mtengenezaji, na wakati wa kubadili sheria. Toleo jipya la Snell likitoka, maduka yanapunguza bei ya lile la zamani. Vilabu vingi vya Marekani vinakubali toleo la sasa na moja ao mawili ya kabla yake. Hapo mtu afanye hesabu yake: kaske ya SA2020 mpya kwa bei ya chini ni nzuri, lakini itaanza kukataliwa mapema kuliko ya SA2025. Akigawa bei kwa miaka atakayoitumia, pengine ile ya bei kubwa ndiyo ndogo. Mahali ambapo bei haifai kushushwa: kununua iliyotumika, na kununua saizi isiyo yako kwa sababu ndiyo iliyokuwa na promosheni.

Shingo

Tarehe 18 Februari 2001, kwenye duara la mwisho la mbio za Daytona 500, Dale Earnhardt, mmoja wa madereva wakubwa kabisa wa Marekani, aligonga ukuta. Kwa kutazama, ajali haikuonekana kubwa. Alikufa. Mfupa wa chini ya fuvu ulikuwa umepasuka. Alikuwa na kaske ya wazi, isiyofunika uso, na hakuwa amevaa kinga ya shingo.

Mikaba ya kiti inashika mwili. Kichwa hakishikwi na kitu. Gari ikisimama ghafla, mwili unabaki kwenye kiti na kichwa kinaendelea mbele, pamoja na uzito wa kaske, kilo moja na nusu hivi. Shingo peke yake inavuta vyote. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Michigan State, Robert Hubbard, pamoja na shemeji yake Jim Downing, mwenye alikuwa dereva wa mbio, walianza kutafuta dawa ya tatizo hilo miaka ya 1980. Walitengeneza kifaa kinachoitwa HANS: nira inayokaa mabegani chini ya mikaba, yenye kamba mbili fupi zinazoshikwa kwenye pande za kaske. Kwa miaka mingi madereva walikidharau, wakisema kinabana. Baada ya Earnhardt, walinyamaza. Mwaka huo huo wa 2001 NASCAR ikakilazimisha kinga ya shingo, na Formula 1 ikalazimisha HANS mwaka 2003.

Kwa mnunuzi, maana yake ni hii: atafute kaske iliyo tayari na matundu ya skrubu za kinga hiyo. Tangu SA2015, kaske za SA zinatoka kiwandani na sehemu hizo zenye nyuzi za chuma za milimita 6. Kaske ya moto haina, na kuitoboa kwa foreuse nyumbani ni kuharibu ganda. Kifaa chenyewe kinaanzia karibu dola 300. Inauma, ndiyo. Lakini mbio nyingi za uwanjani hazikuruhusu bila hicho, hata zile za mikweche ya dola 500.

Na swali la kaske wazi ao ya kufunga uso? Katika rali watu wengi wanapenda ya wazi, kwa sababu ya maikrofoni, joto, na mwenzake anayemsomea njia. Katika gari isiyo na kioo cha mbele, hapana mjadala, ifungwe. Felipe Massa, mwaka 2009 huko Hungaria, alipigwa na springi iliyotoka kwenye gari ya mbele yake, juu ya jicho la kushoto. Kaske yake ilikuwa ya kufunga, ya ngazi ya juu kabisa, na bado aliumia vibaya. Alipona na kurudi uwanjani. Snell wanaipima viziere kwa kuipiga kipande cha risasi kutoka bunduki ya hewa. Barabara zetu za mawe ya volkano zinarusha vitu vibaya zaidi ya springi. Mtu akiuliza bila kujua atakimbia mbio gani, anunue ya kufunga uso.

Saizi

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, hata wenye makuta. Kaske kubwa kidogo inajisikia vizuri dukani, na inachomoka siku ya ajali.

Kupima: chukua metre ya fundi wa kushona, uizungushe kichwani sentimetre mbili na nusu hivi juu ya nyusi, ipite mahali kisogo kimetokeza zaidi. Pima mara tatu, shika namba kubwa. Kila mtengenezaji ana meza yake ya saizi. M ya mmoja si M ya mwingine. Mwenye rasta ao nywele za kusuka apime vile atakavyokuwa siku ya mbio, na kofia laini ya kukataa moto ikiwa tayari kichwani kama ataivaa.

Ikishafika, ivae na ufunge. Mashavu yanafaa kubanwa mpaka ujione kama mtoto aliyejaza mandazi kinywani. Shika kaske kwa mikono miwili, uizungushe kushoto na kulia: ngozi ya mashavu na ya paji la uso inafaa kwenda pamoja nayo. Kaske ikizunguka na uso ukabaki, ni kubwa. Kisha mwombe mtu aweke vidole nyuma, chini ya ukingo, aisukume kwenda mbele kama anaitaka ichomoke. Ikitoka na mukaba umefungwa, irudishe. Halafu kaa nayo nusu saa ukitazama mechi. Ikianza kukuchoma mahali pamoja kwenye paji la uso, umbo la kaske si umbo la kichwa chako, na hakuna kuzoea. Badilisha chapa, si saizi. Vichwa vingine ni vya mviringo, vingine virefu, na viwanda vinajua hilo.

Mukaba wa kaske ya mbio unapita katika pete mbili za chuma zenye umbo la D. Ile klipu ya plastiki ya kubonyeza, ambayo tunaijua kwenye moto, haina kazi hapa.

Tatizo la mtu wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi ni kwamba mara nyingi hawezi kujaribu kabla ya kulipa. Kaske inanunuliwa na ndugu wa Ulaya ao Marekani, inakuja kwenye valizi. Basi vipimo vitumwe kwa sentimetre, si kwa maneno "kichwa cha kawaida". Duka liwe lenye kukubali kubadilisha. Na ndugu huyo apige picha ya kibandiko cha ndani kabla hajapanda ndege. Anayesafiri aibebe mkononi, si katika mizigo ya chini, ambako valizi zinarushwa.

Kuitunza

Sabuni laini na maji ya uvuguvugu, kitambaa, basi. Esanse, dilia, asetoni na dawa za kusafishia breki zinakula povu na ganda bila kuonyesha. Hata mvuke wa esanse katika garaji iliyofungwa si mzuri, kwa hiyo kaske ilale nyumbani, katika mfuko wake. Rangi ya kupuliza haifai kabla ya kuuliza mtengenezaji. Isiwekwe juu ya paa la gari wakati unafunga viatu. Kuanguka mara moja kutoka kimo hicho kwenye saruji si lazima kuue kaske, lakini hutajua.

Snell wanashauri kuibadilisha baada ya miaka mitano hivi ya kuitumia, kwa sababu jasho, joto na gundi vinachoka polepole. Ikigonga kwa kweli na kichwa ndani, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Na ile iliyokwisha kazi isitupwe ikiwa nzima. Mjini kwetu hakuna kinachotupwa kikabaki: kesho itaokotwa, ioshwe, ipakwe rangi, iuzwe kwa motari. Kata mukaba wa kidevu kwa makasi, pande zote mbili, toa povu ya ndani, ndipo uitoe nje.